Dogo aliniuliza kama leo amecheza

Ilikuwa Jumapili, jua la Dar lile la saa nane mchana, mechi ya kriketi imeisha tumeshinda kwa wiketi sita (yaani wapigaji wetu wanne tu ndo walitolewa), watu wanavua pedi (kinga za miguu) wanagawana sambusa na chai, mimi nipo katikati ya uwanja nang'oa misumari ya mati, lile zulia la kurushia mpira. Akanifuata dogo mmoja wa Mbagala, alikuwa na miaka 14 kipindi hicho, kashika begi la shule ambalo ndo analobebea viatu. Akasema "Kocha samahani, naomba kuuliza kitu." Nikamwambia uliza. "Hivi mimi leo nimecheza?"

Nikacheka, nikajua ni utani. Jina lake lipo kwenye orodha ya 11, kasimama uwanjani ova zote 30 (ova moja ni mipira sita), ova moja fain legi (kule mbali nyuma ya mpigaji) ya upande huu, ova ikiisha anatembea kwenda fain legi ya upande ule. Mpira ulimfikia kama mara nne hivi, mara moja ukampita ukaenda boundari (mpaka wa uwanja) kapteni akamfokea mbele za watu. Hakuboli, yaani hakumrushia mpigaji, hata mpira mmoja. Kubati (kupiga kwa bati) alipangwa namba 11, wa mwisho, na tulipata rani zetu (pointi) kwa wiketi nne tu, maana yake pedi hakuzigusa. Huyo ametoka kwao saa kumi na moja na nusu alfajiri, kapanda daladala mbili, konda wa ya pili kamgombeza kuhusu begi, na akirudi jioni mama yake atamuuliza leo mmecheza? Alikuwa hajui amjibu nini. Hakuwa anatania.

Nilimjibu kijinga, nikamwambia "fildi (kudaka na kukimbiza mipira) nayo ni mchezo." Ni kweli fildi ni mchezo ila yeye na mimi tulijua nimemkwepa.

Niseme mapema ili tusije tukagombana, hii naiongelea ni ligi ya wikiendi tu ya klabu chache tulizoungana wenyewe, sio ligi ya chama cha taifa na wala simsemi mtu. Mimi nilikuwa nashika ratiba na usajili, kazi ambayo nilipewa kwa sababu siku ya kikao nilichelewa kufika na waliowahi walishakataa wote. Tulikuwa na divisheni tatu, A, B na C. Bingwa wa C anapanda B, wa mwisho B anashuka C, hivyo hivyo kwa A. Ni mfumo ambao kila mtu anaujua kutoka kwenye mpira wa miguu na hakuna aliyewahi kuuliza kama unafaa kwa kriketi ya mtaani yenye watu wachache. Na mtu akikuuliza madogo wanakulia wapi unamjibu haraka haraka, C. Wanaanzia C wanapanda mpaka A. Kwenye karatasi imekaa vizuri sana.

Sasa nenda kaiangalie hiyo C yenyewe. C ilikuwa imejaa kina anko. Watu wa miaka 45, 50, wengine walicheza A enzi zao, magoti yameisha ila macho bado yapo na ubishi ndo kabisa umeongezeka. Anko wa miaka 48 ambaye wiki nzima yupo dukani Kariakoo anahesabu maboksi, Jumapili ndo siku yake, kalipa ada, kanunua bati la bei mbaya, unategemea atakaa namba nane ampishe dogo wa form two? Anafungua yeye (anabati wa kwanza), na baadaye anakuja kuboli spini yake ile ya taratibu, mpira wa kuzungusha, na anapata wiketi kweli maana madogo wanaikimbilia kuipiga. Na kwa kuwa kuna kupanda na kushuka, kapteni kila wiki anacheza kama fainali. Hakuna kapteni anayemrushia mpira mtoto wa miaka 14 wakati zinahitajika rani 20 kwa ova 4, hata mimi ningekuwa kapteni nisingempa.

(Hapo kwenye kubati, kuna mama mmoja wa Temeke nusura amtoe mwanae mazoezini, dogo kamwambia "mama nimebati leo" mama kasikia kabeti. Akaja mpaka uwanjani na kanga yake begani kuuliza mnawafundisha nini watoto wetu. Tulimkalisha akaangalia ova kama kumi, mwishoni akauliza sasa hawa wanafunga saa ngapi.)

Baada ya lile swali nikachukua vitabu vya skoa vya msimu mzima nikaenda navyo nyumbani. Usiku wa tatu mfululizo mke wangu akawa ananiangalia tu. Nilichofanya ni kuhesabu, kila dogo wa chini ya miaka 19 aliyekuwa B au C, amekabili mipira mingapi (aliyorushiwa akiwa na bati) na ameboli ova ngapi. Yule wa Mbagala mechi tisa, mipira 14, ova 2. Mipira 14 kwa msimu! Kuna mmoja wa Upanga mechi kumi na moja, mipira 9. Hapo ndo nikaelewa kwa nini kila mwaka wanakuja madogo wapya ishirini kutoka programu za mashuleni, wana hamu hao, na mwaka unaofuata wamebaki watatu. Sisi tulikuwa tunasema "vijana wa siku hizi hawana uvumilivu, wanataka mpira wa miguu." Kumbe mpira wa miguu angalau ukiwa uwanjani mpira utakufikia tu hata kwa bahati mbaya.

Nikaanza na kosa. Nilipeleka pendekezo kwenye kikao kwamba kila timu ya B na C lazima iwe na wachezaji wawili wa chini ya miaka 19. Likapita bila ubishi, na ningetakiwa nishtuke hapo hapo, kikao chetu hakijawahi kupitisha kitu bila ubishi hata cha kubadilisha aina ya majani ya chai. Lilipita kwa sababu halikumgharimu mtu chochote. Makapteni wakawaandika madogo wawili, namba 10 na namba 11, fain legi na third man, zote nyuma kule mbali, basi sheria imetimia. Timu moja ilituandikia dogo ambaye Jumapili hiyo alikuwa Tanga kwenye msiba wa bibi yake. Msimu ulipoisha nikahesabu tena na mipira ilikuwa ile ile, kwa baadhi yao ilipungua. Sheria ya kuhesabu vichwa inakupa vichwa. Nilitaka mipira na sikuiandika mipira.

Kipindi hicho nilikuwa nawaza sana Kenya. Sisi wa umri wangu tulikuwa vijana 2003 wakati Kenya inafika nusu fainali ya Kombe la Dunia, tuliangalia kwenye tv ya jirani, Collins Obuya anawachukua Sri Lanka wiketi tano pale pale Nairobi Gymkhana, Steve Tikolo kapteni, tukasema Afrika Mashariki tumefika. Mechi dhidi ya India Durban tukafungwa lakini nani alijali. Alafu ukahesabu miaka. Kombe la 2011 Tikolo yupo tena, ana miaka 39, Kombe lake la tano. Ni mchezaji mkubwa simsemi vibaya, ila ukijiuliza wa kumtoa alikuwa wapi unapata jibu la huzuni. 2014 wakapoteza hadhi ya mechi za kimataifa za siku moja. Najua kulikuwa na migogoro ya uongozi na pesa, migomo, sio suala la ligi tu. Lakini kizazi kimoja kikicheza miaka kumi na tano na nyuma yake hamna waliokabili mipira ya kutosha, siku kikichoka unabaki na jezi tu.

Kilichonifungua akili kilitoka mbali kidogo. Dada yangu anaishi Perth, Australia, siku moja akanirushia video ya mwanae anacheza. Nikaona pichi, ile njia ya kurushia mpira, fupi. Nikampigia nikamuuliza mbona mmekata pichi? Akasema huko watoto wa chini ya miaka 11 wanacheza mita 16, saba kwa saba, wa chini ya 13 wanacheza mita 18, tisa kwa tisa, mpaka wakubwa wakubwa ndo wanaenda pichi kamili ambayo ni mita 20 na kidogo. Na Australia ndo nchi ambayo kila kitongoji kina gredi zake (madaraja ya timu) tangu enzi, gredi ya kwanza, ya pili, ya tatu mpaka ya nne na kuendelea, watu wanaozijua gredi kuliko mtu yeyote duniani, na wao wameona mtoto hawezi kuchomekwa tu mkiani mwa gredi za wakubwa.

Niliona aibu kidogo maana hilo la pichi lilikuwa mbele ya macho yangu miaka yote. Mtoto wa miaka 11 ukimpa mita 20 mpira unafika umedunda mara mbili, au anajinyonga kuurusha juu ili ufike unakuwa waidi, mbali na mpigaji. Mechi zetu za watoto waidi zilikuwa nyingi kuliko rani za bati, mpigaji anasimama tu anaangalia mipira inapita kama anasubiri gari. Jumamosi iliyofuata nikapima kwa hatua, nikasogeza stampu (vile vijiti vitatu nyuma ya mpigaji), basi. Haikugharimu shilingi. Mpira ukaanza kufika, na ukifika mtu anaupiga, na ukipigwa wa fildi anakimbia, ghafla unaona watoto wote wako macho.

Kikao cha pili ndo kilikuwa kikao kweli. Nilikuja na vile vitabu na daftari langu, nikasoma mipira ya kila dogo kwa jina mbele ya kapteni wake. Sikuwa na hotuba. Nilisoma tu, fulani mechi nane mipira 11, fulani mechi kumi mipira 6. Ilichukua kama dakika tano na feni ndo ilikuwa inasikika. Alafu ikaanza. Anko mmoja ambaye namheshimu sana, ndiye aliyenifundisha mimi kushika bati nikiwa na miaka 12, akasimama akasema "Mwanangu, mimi nimelipa ada hapa miaka ishirini. Mati hiyo mnayokanyaga nimechangia. Leo unaniambia niwapishe watoto, mimi Jumapili niende wapi?"

Na alikuwa na haki. Hili nalisisitiza kwa sababu watu wengi wa maendeleo ya vijana wanawaongelea wazee kama vile ni takataka za kufagia. Wale ndo wanaolipa uwanja, ndo wenye gari la kubeba vifaa, ndo wanaomlipa mzee wa kumwagilia. Wakiondoka hamna divisheni A wala Z. Ilibidi nirudi nyumbani nikalale na hilo swali lake, kwa sababu mpango wangu niliokuja nao ulikuwa na jibu la watoto tu, wa kwake haukuwepo.

Tulichokuja kukubaliana baada ya vikao vingine vitatu ni hiki. A ikabaki kama ilivyo. C tukaivunja vipande viwili. Kipande kimoja cha kina anko na yeyote anayetaka kucheza kwa raha, ova 20, Jumapili asubuhi, saa sita mmemaliza mnakula, hamna kupanda wala kushuka. Kipande cha pili Jumamosi asubuhi, madogo watupu, pichi fupi kulingana na umri, wanane kwa wanane. Wanabati wawili wawili, kila jozi ova 4, ukitolewa hutoki, timu yako inapunguziwa rani 5 wewe unaendelea kusimama. Kila mtoto anaboli ova 2, awe mkali awe hajui. Jozi nne mara ova nne, kumi na sita, watoto wanane mara ova mbili, kumi na sita, hesabu inafunga yenyewe wala huhitaji kapteni mwenye huruma. Wastani dogo anakabili mipira kama 12 kwa Jumamosi moja. Yule wa Mbagala alipata 14 kwa msimu.

B ndo ikawa daraja la kati na ndo ilitutoa jasho. Ova 30, angalau watano kati ya 11 wawe chini ya miaka 19, ova 12 kati ya 30 waboli wao, na wawili wawe kwenye wabatiji watano wa kwanza. Safari hii niliandika mipira sio vichwa. Na bado walitafuta upenyo! Mechi ya pili tu kapteni mmoja akawapeleka madogo wawili wafungue, mpira mpya, dhidi ya mboli wa miaka 26 aliyeshushwa kutoka A kwa sababu timu yake ya A haikuwa na mechi. Wakatoka ndani ya ova mbili wote, kapteni akaja kunambia kwa tabasamu "sheria yako tumeifuata." Ikabidi tuongeze kwamba ukishacheza mechi nne za A msimu huo hushuki tena B. Na kupanda na kushuka tukakusimamisha misimu miwili. Hilo la mwisho nadhani ndo lilifanya kazi kuliko yote mengine, kapteni alipojua hata akifungwa hashuki mabega yalilegea, akaanza kumpa dogo mpira hata ova ya 25. Wengine walianza kufurahia kabisa, unamwona anko kasimama slipu (nyuma karibu na mpigaji) anamwelekeza mboli "usimtupie mguuni, mpe nje kidogo, ngoja, ngoja" na dogo anapata wiketi anko ndo anarukaruka.

Sio yote yalienda sawa, na moja ni langu mwenyewe. Nilikuwa na mboli wa kasi wa miaka 15, mrefu, mkono mzuri, nikafurahi mno. Jumamosi anaboli kwa madogo, Jumapili B, katikati ya wiki shuleni kwao nako wanamtumia. Mimi mwenyewe ndo niliruhusu kucheza divisheni mbili wikiendi moja nikaona nimeongeza mipira. Akaanza kushika kiuno. Nikamwambia jinyooshe. Wiki tatu mbele hawezi kuinama kufunga kamba za viatu, hospitali wakasema mfupa wa mgongo wa chini umechoka, mifupa ya umri huo bado haijakomaa na mboli wa kasi anaukunja na kuuzungusha mgongo kila mpira. Alikaa nje miezi. Baba yake hakunifokea, alinisalimia kama kawaida, na hilo liliniumiza kuliko angenifokea. Sasa hivi wa kasi chini ya miaka 17 tunamhesabia ova za wiki nzima na za shule zikiwemo, ova 4 kwa mkupuo na 8 kwa siku basi, hata kama timu inakufa.

Ratiba nayo ilitupiga. Tulipanga mechi za mwisho za B mwezi wa 11, form two na form four wapo kwenye mitihani ya taifa, na vuli hiyo hapo inanyesha. Timu mbili zilikuja na madogo wawili badala ya watano. Tukasogeza. Nauli vile vile, mtoto wa Mbagala kuja Upanga kila wiki ni pesa ya mtu, kwa hiyo Jumamosi tukawa tunawafuata wao, mati tunaiviringisha kwenye pikapu ya anko (ndiyo, yule yule wa ada miaka ishirini) tunaenda uwanja wa shule, tunapiga misumari, tunacheza. Ardhi mbovu, kuna kichuguu upande wa square legi, pembeni mwa mpigaji. Ila siku hizo watoto wanajitokeza thelathini.

Na wasichana sikuwafikiria kabisa, nakiri. Kwenye sheria niliandika "wavulana" bila hata kujua nimeandika. Wakaja wawili na kaka zao, mmoja akasema anataka kuwa kipa, mdakaji wa nyuma ya stampu. Kuna mtu akaanza kukohoa kohoa. Dogo wa kike akamwambia "kwani Fatuma Kibasu ni nani?" Mkohoaji hakumjua, ikabidi aelezwe na mtoto wa miaka 12 kwamba huyo amekuwa nahodha wa timu ya taifa ya wanawake. Nikafuta neno wavulana palepale kwa kalamu. Yule kipa ana mikono kuliko kipa wetu wa A, naombeni msimwambie.

Mwaka 2025 vijana wetu wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walipofuzu Kombe la Dunia la umri wao kwa mara ya kwanza kabisa, kule Nigeria kwenye mchujo wa Afrika, simu yangu ilijaa meseji, watu wananipongeza mimi. Nilicheka. Hakuna hata mmoja wa kwetu aliyekuwemo, hiyo ni kazi ya watu wengine na ya miaka mingi. Ila niliona makapteni wa B wiki ile wanawaangalia madogo wao kwa jicho tofauti, na sikuwakatiza.

Yule wa Mbagala sasa anabati namba 3 kwenye B. Daftari bado ninalo, naandika mipira ya kila mmoja, na wao wamelizoea, wakitoka uwanjani wanapita kwangu kwanza kabla ya maji. Majuzi aliingia wiketi ya kwanza ikiwa imeanguka mapema, mpira wake wa kwanza ukaingia ndani ukang'oa stampu ya kati. Bata, yaani katoka bila rani. Katoka amekunja uso, anagonga bati kwenye pedi, kanipita hasemi kitu. Kafika kwenye kivuli, kavua helmeti, alafu akageuka akarudi mpaka nilipokaa.

"Kocha, umeandika?"

Nikamwonyesha. Mpira 1. Akaangalia, akaenda kunywa maji.